Lafudhi Yetu na Shule Yetu

Ndugu Mhariri ameniomba niandike machache juu ya historia, kwa kuwa nililifundisha somo hilo miaka mingi kabla ya kustaafu. Nilidhamiria kuandika juu ya kahawa au juu ya reli, mambo ambayo wenzangu wameyaandika vizuri kabla yangu. Lakini mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili, jirani yangu hapa mtaani Soweto, alinibadilisha nia. Alinijia jioni moja akasema: "Shikamoo babu. Hivi, Soweto ni neno la Kichaga?"

Nilicheka. Kisha nikaona uso wake umebadilika, nami nikajilaumu, maana kicheko cha namna hiyo nakifahamu. Miaka mingi iliyopita kilimfunga mdomo mtu ambaye baadaye alikuwa rafiki yangu, na aliyekianzisha nilikuwa mimi. Basi nimeona afadhali niandike juu ya jambo hilo: namna watu walivyopimwa kwa lafudhi zao, kipimo hicho kilitoka wapi, na namna mwalimu mmoja alivyotufundisha kukiacha.

SOWETO ILE NA SOWETO HII

Nilimweleza kijana yule kwamba jina la mtaa wetu limesafiri kutoka Afrika Kusini. Ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya vitongoji vya kusini magharibi, yaani kusini magharibi ya Johannesburg, na lilianza kutumika rasmi mwaka 1963. Huko ndiko serikali ya ubaguzi ilikowaweka Waafrika, mbali na mji wa Wazungu lakini karibu kiasi cha kuufikia kwa kazi.

Siku ya Jumatano tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto ile waliandamana kwa maelfu. Serikali ilikuwa imeamuru kwamba nusu ya masomo, hisabati na maarifa ya jamii yakiwamo, yafundishwe kwa Kiafrikaans, lugha ya Makaburu. Wanafunzi walikataa. Polisi wakawapiga risasi, na miongoni mwa waliouawa siku hiyo alikuwamo Hector Pieterson, mtoto wa miaka 12. Vijana wengi waliikimbia nchi yao, na baadhi yao walipokewa hapa Tanzania. Shule yao ilijengwa Mazimbu, Morogoro, ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana mpigania uhuru aliyenyongwa na Makaburu mwaka 1979.

Mwaka huo wa 1976 mimi nilikuwa kidato cha tatu. Habari tulizisikia kwa Radio Tanzania, tumeizunguka redio ya bwalo la chakula, hakuna aliyegusa sahani. Kesho yake mwalimu wetu wa Kiswahili, mwenyeji wa Tanga, aliingia darasani bila kitabu. Tulimwambia kwa hasira yote ya ujana kwamba Makaburu ni wanyama, kumnyima mtoto elimu kwa sababu ya lugha. Alitusikiliza mpaka tukachoka. Kisha akauliza: "Na hapa kwetu, je? Hakuna mtoto tuliyemnyamazisha kwa ajili ya ulimi wake?"

Darasa zima lilikaa kimya. Hakuna aliyethubutu kugeuka kutazama dawati la nyuma, upande wa dirisha, lakini wote tulijua ni nani aliyeketi pale.

KISA CHENYEWE

Alikuwa kijana wa Rombo. Tuliingia naye kidato cha kwanza mwaka 1974, naye alikuwa na alama za juu kuliko wengi wetu. Wiki ya pili ya muhula alipewa zamu ya kusoma habari za gazeti mbele ya gwaride la asubuhi. Habari ile ilihusu bei ya dhahabu duniani. Yeye akasoma "zahabu". Fedha akaiita "feza", na themanini akaiita "semanini". Sauti yake ilipanda na kushuka kama wazee wetu wanavyozungumza vihambani, na mwisho wa kila sentensi aliuvuta.

Baba yangu, mwenyeji wa Vunjo, alikuwa mfanyakazi wa reli, nami nililelewa Moshi mjini kati ya majirani wa Tanga, Pangani na Bagamoyo. Kiswahili nilikipata uani tukicheza. Kwa hiyo niliposikia "zahabu", nilicheka kwa sauti, na waliokuwa karibu nami wakapokea. Kufika saa nne gwaride zima lilikuwa limempa jina: Zahabu. Aliyelitamka kwanza nilikuwa mimi.

Tangu siku ile hakunyosha mkono darasani. Aliulizwa akasimama, akatazama chini, akaketi. Majibu aliyajua, kwani madaftari yake tulikuwa tukiyanakili usiku kabla ya mitihani. Lakini karatasi haina lafudhi, mdomo ndio wenye lafudhi, na mdomo wake ulikuwa umefungwa. Mwisho wa muhula wazazi wake waliletewa taarifa kwamba kijana wao "hashiriki katika masomo".

Jambo moja sikulijua wakati ule. Kaka yake mkubwa alikuwa ametoka Dar es Salaam mwaka mmoja kabla, alikokwenda kutafuta kazi ya ukarani. Katika ofisi moja aliambiwa arudie maneno yake mara tatu, si kwa kuwa hakueleweka, bali ili wenye ofisi wawaite wenzao wa chumba cha pili waje wasikie. Alirudi Rombo akashika jembe. Kwa hiyo tulipomcheka mdogo wake, yeye hakusikia utani wa shule. Alisikia hukumu ile ile iliyompata kaka yake.

KISWAHILI KILIVYOPANDA MLIMA

Ili tujue kwa nini tulicheka, hatuna budi kurudi nyuma. Wengi hudhani Kiswahili kililetwa mlimani na serikali. La hasha. Kilipanda na misafara ya biashara kutoka pwani, wakati pembe za ndovu zilipokuwa zikitafutwa hadi huku. Rebmann alipofika Kilimanjaro mwaka 1848 alipita njia zilizokwisha kujulikana na wafanyabiashara wa pwani. Mangi Rindi wa Moshi, ambaye wageni walimwita Mandara, alikuwa akizungumza Kiswahili na wageni wake kabla bendera ya Mjerumani haijapandishwa.

Walipokuja wamisionari, mambo yaligawanyika. Walutheri wa Leipzig, walioanza kazi Machame mwaka 1893, walijali sana lugha ya wenyeji. Bruno Gutmann, aliyefanya kazi miaka mingi Old Moshi, aliamini kwamba Mchaga afundishwe kwa Kichaga, naye alitafsiri Agano Jipya katika lugha hiyo. Wakatoliki waliokuwa Kilema na Kibosho walielekea zaidi kwenye Kiswahili. Serikali ya Kijerumani nayo ilitaka makarani na maakida, nao ilitaka wajue Kiswahili. Reli ya kutoka Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911, ilishusha mafundi, wapishi, makarani na wachuuzi, na mji mpya ukakua kwa lugha yao.

Hapo ndipo mbegu ilipopandwa. Aliyezungumza kama watu wa mji alionekana kuwa mtu wa kalamu na mshahara, na aliyezungumza kama mtu wa kihambani alionekana kuwa mtu wa jembe. Lafudhi ikawa kama nguo: kabla hujasema shida yako, umekwisha kupimwa.

Tusisahau pia kwamba sisi wenyewe kwa wenyewe hatukuwa na lugha moja. Mtu wa Rombo na mtu wa Machame, kila mmoja akishikilia Kichaga cha kwao, hawaelewani vizuri. Wakulima wa kahawa walipojiunga katika KNPA mwaka 1925, na baadaye katika KNCU, Kiswahili kiliwafaa kukaa meza moja. Mtu wa Rombo alikitumia kwa lafudhi ya Rombo, wa Kibosho kwa lafudhi ya Kibosho, na kahawa iliuzwa.

NANI ALIYECHAGUA KISWAHILI SANIFU?

Haya ndiyo mwalimu wetu aliyotufundisha wiki ile ya Juni, na mimi nimeyafundisha maisha yangu yote.

Mwaka 1928 ulifanyika mkutano Mombasa kuamua Kiswahili cha wapi kitumike katika vitabu vya shule za Afrika Mashariki. Walioshindaniwa hasa walikuwa wawili: Kimvita, lahaja ya Mombasa yenye ushairi wa kale, na Kiunguja, lahaja ya mji wa Unguja iliyokuwa imesambaa bara pamoja na biashara. Kiunguja kikachaguliwa. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, ikiongozwa na Frederick Johnson kama katibu wake wa kwanza. Mwanzoni haikuwa na mjumbe Mwafrika hata mmoja. Kamati hiyo ilipitia vitabu, ikasawazisha tahajia, na mwaka 1939 kamusi za Johnson zikatoka.

Mwalimu aliandika ubaoni maneno mawili: "macho" na "njia". Akatuambia kwamba Mombasa wazee husema "mato" na "ndia". "Uamuzi ule ungaliangukia Mombasa," alisema, "leo mngalichekwa ninyi mnaosema macho." Yeye mwenyewe, mtu wa Tanga, alikiri kwamba bibi yake alikuwa na maneno ambayo mkaguzi wa shule angeyakata kwa wino mwekundu.

Kisha akatuuliza majina ya vitu vilivyokuwamo darasani. Tukataja: kitabu, kalamu, daftari, meza. Kitabu na kalamu, akasema, ni maneno ya Kiarabu, na Mwarabu wa Maskati akitusikia tunavyotamka kalamu atacheka, kwa sababu ile "k" yake hutoka kooni kabisa. Meza ni ya Mreno. Na neno "shule" lenyewe ni la Mjerumani, tukalichukua likawa letu. Hata "habari" na "heri" zilikuwa na "kh" ya Kiarabu, na wako wazee wa pwani waliozitamka hivyo hadi siku zile, lakini Kiswahili sanifu kiliiacha. "Basi," akasema, "Kiswahili chote ni maneno ya watu yaliyotamkwa kwa ulimi wa watu wengine. Mkimcheka huyu kwa zahabu, mcheke na meza."

Hapo ndipo darasa lilipocheka kicheko cha halali, na kijana wa Rombo akacheka nasi.

SOMO LA DAKIKA KUMI

Lakini nisije nikaeleweka vibaya. Mwalimu yule hakusema kwamba kila mtu atamke apendavyo. Alituonyesha kwamba "dhana" ni wazo na "zana" ni chombo cha kazi. Kwamba "thamani" ni kima cha kitu na "samani" ni viti na makabati. Kwamba "kura" hupigwa na "kula" ni kwa tonge. Penye kubadilika maana, alisema, ni lazima mwanafunzi afundishwe, kwa sababu asipofundishwa ataandika vibaya katika mtihani na kueleweka vibaya mahali pa kazi. Ila mwendo wa sauti, kupanda na kushuka kwake, ni alama ya nyumbani kwa mtu, nao haumzuii kueleweka. Kichaga ni lugha ya toni, na mtoto aliyelelewa nayo hawezi kuitupa toni langoni kama mzigo.

Kuanzia wiki hiyo kila kipindi cha Kiswahili kilianza na dakika kumi za matamshi. "Th" na "dh": weka ncha ya ulimi kati ya meno, toa pumzi, kwa "dh" ongeza sauti mpaka usikie ulimi unatetemeka. "Gh": fanya kama mtu anayesukutua koo. Darasa zima lilifanya pamoja, wa mjini na wa mlimani, kwa hiyo hakuna aliyesimamishwa peke yake. Sheria ilikuwa moja: anayecheka ndiye anayefuata kusoma. Nami naungama kwamba nilisoma mara nyingi.

Kila Ijumaa mmoja wetu alimfundisha mwalimu maneno matano ya kwao. Ilipofika zamu ya kijana wa Rombo, mwalimu alijaribu salamu moja mara sita bila kuipatia. Alipangusa jasho, akasema, "Haya, leo mimi ndiye mtu wa bara." Sijasahau jinsi kijana yule alivyomsahihisha: taratibu, kwa heshima, bila hata kutabasamu. Alikuwa anajua namna inavyouma.

Halafu zikaja ngonjera. Siku hizo zilikuwa zimeenea katika shule zote, nazo mtu aliyezikuza ni Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, ambaye alifariki mwaka 1969 na vitabu vyake vya ngonjera vikachapishwa. Mwalimu alilisisitiza hilo: aliyewapa watoto wa Tanzania mchezo wa kukariri Kiswahili kizuri hakuzaliwa pwani. Akatukumbusha wengine. Shaaban Robert, ambaye wote humhesabu kuwa bingwa, alikuwa wa asili ya Kiyao. Euphrase Kezilahabi, aliyetoa "Rosa Mistika" mwaka 1971, alikuwa mtu wa Ukerewe. Na Mwalimu Nyerere, aliyetafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, alizaliwa Butiama katika lugha ya Kizanaki. Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia shule zote za msingi baada ya mwaka 1967, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa mwaka huo huo, Watanzania wengi sana walikuwa watu wa namna hiyo: wenye lugha nyingine nyumbani. Kama lugha ya taifa ingalikuwa ya wenye lafudhi ya pwani peke yao, taifa lenyewe lingalikuwa dogo sana.

Tulitunga ngonjera juu ya watoto wa Soweto, tukaighani siku ya kufunga muhula mbele ya wazazi. Sehemu ya mwanafunzi anayemjibu Kaburu alipewa kijana wa Rombo. Neno "dhambi" lilikuwamo, na "dhuluma", na "thamani". Yote aliyatamka sawasawa. Lakini sauti yake ilipanda na kushuka vile vile kama ya wazee wa Rombo, na mwisho wa ubeti aliuvuta. Baba yake alikuwa amesimama nyuma ya ukumbi, kofia mkononi. Watu hawakucheka.

KWENU MLIO DARASANI

Kijana yule alikuwa mwalimu, akafundisha Kiswahili katika mikoa mitatu, naye sasa amestaafu kama mimi. Katika mkutano wetu wa mwaka jana tulikaa meza moja. Nilimwuliza kama anaikumbuka siku ya gwaride. Akasema: "Nilihesabu. Siku arobaini na moja za shule sikutoa neno darasani." Alinena kwa upole, kisha akanimiminia chai. Jina la Zahabu bado wanamwita, na yeye huitika. Lakini mimi silitumii tena, na hapa mbele ya wasomaji wote namwomba radhi.

Wanafunzi mnaosoma gazeti hili, msidhani kwamba ugonjwa huu umekwisha. Umebadilisha nguo tu. Siku hizi nasikia vijana wakimcheka mwenzao kwa Kiingereza chenye sauti ya mlimani, ilhali Waingereza wenyewe hawatamki sawa kutoka kaskazini hadi kusini. Nasikia pia sisi Wachaga, tuliolalamika sana kwa kuchekwa Dar es Salaam, tukiwaigiza Wamaasai wanaolinda maduka yetu, na Wasukuma waliokuja kukata miwa TPC. Aliyeumwa na nyoka hapaswi kuwa nyoka.

Jambo hili ni la kale. Katika kitabu cha Waamuzi watu wa Gileadi waliwakamata Waefraimu kwenye vivuko vya Yordani kwa kuwatamkisha neno moja, na aliyesema "Sibolethi" badala ya "Shibolethi" aliuawa. Walikufa watu 42,000 kwa ajili ya herufi moja. Hata Petro alitambuliwa uani kwa kuhani mkuu kwa lafudhi yake ya Galilaya. Lafudhi itamtambulisha mtu daima. Ni sisi tunaoamua tumfanyie nini baada ya kumtambua.

Tangu mwaka 2021 UNESCO imeitenga tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani. Ni heshima kubwa. Lakini ina maana pia kwamba lugha hii sasa itatamkwa na ndimi nyingi kuliko tulizozizoea, za Kongo, za Uarabuni, za Ulaya na za Marekani. Mwenye kutaka kucheka atakuwa na kazi nyingi. Mwenye kutaka kufundisha atakuwa na kazi nyingi zaidi, na nadhani yenye faida.

Yule mtoto wa jirani nilimwomba radhi kwa kicheko changu. Nilimwambia: Soweto si neno la Kichaga, lakini ukilitamka kwa ulimi wa Kichaga hutakuwa umelikosea. Akasema aika, akaenda zake kusoma.

Wenu katika udugu wa shule,
Mwanafunzi wa zamani, 1974–1977
Soweto, Moshi